Siku ya uwanja kwa pikipiki za cc 125 Tabora: kiingilio, mafunzo na mapungufu

Wanaotaka jibu fupi kama inafaa kwenda kwenye siku ya uwanja, yaani siku ya kulipa na kufanya mazoezi na pikipiki yako kwenye eneo lililofungwa, bila mashindano, ninawapa mapema: nendeni. Kama una pikipiki ya cc 100 mpaka 150, unaishi Tabora au una ndugu wa kufikia hapa, na una elfu ishirini na tano ya kiingilio, nenda ukajifunze kukata kona na kufunga breki mahali ambapo hakuna bajaji ya kukuchomekea wala mtoto anayekimbilia mpira. Nimeulizwa sana na madereva wa kijiweni Ipuli, na pia na wenzangu wa ofisini, kama siku ile ilistahili kiingilio nilicholipa. Ilistahili. Yapo mambo ya kurekebishwa, nitayasema bila kuyafunika, lakini huduma hii ninaitetea.

Mimi ni afisa nyuki. Kazi yangu ni kuwafuata wafugaji wa nyuki huko walipo, na huko walipo ni ndani ya misitu ya miombo, kwenye njia za mchanga ambazo gari likipita leo, hujui litapita tena lini. Kwenye keria ninafunga bomba la kufukizia nyuki moshi, mavazi ya kinga, na siku nyingine ndoo ya asali. Leseni ya daraja A ninayo kwa miaka mingi. Wakati naitafuta nilifundishwa kuzungusha namba nane, kuondoka bila kuzima na kusimama kwenye mstari. Kupita kona ya lami kwa mwendo wa kweli sikufundishwa, wala kuifunga breki ya mbele kwa nguvu yake yote. Madereva wengi ninaoongea nao wananiambia vivyo hivyo: mengine yote tunajifunzia barabarani. Kila aliyewahi kumkimbiza ndugu hospitali usiku kwa ajali ya pikipiki anajua masomo ya barabarani yanauzwa bei gani.

Eneo lenyewe ni ua wa maghala ya tumbaku, nje kidogo ya mji. Masoko ya tumbaku yakiisha malori huondoka na ua ukabaki mtupu, ndipo kikundi cha mafundi na madereva wa zamani wakaomba kuukodi kwa Jumapili za kiangazi. Sakafu ni zege la zamani, lililokwaruzika vya kutosha kushika tairi. Wamechora njia inayozunguka maghala mawili, kama mita mia nne hivi, kwa koni na tairi kuukuu zilizopakwa chokaa. Kila mahali ambapo ukizidisha utaukuta ukuta, wamepanga magunia ya pumba za mpunga, safu juu ya safu. Pumba ni laini, hazina gharama, na mkoa huu una mashine za kukoboa kila upande. Aliyewaza hilo ana akili.

Njia ina sehemu iliyonyooka kati ya maghala, halafu kona ya mizani, pale ambapo marobota ya tumbaku hupimwa. Inafuata sehemu ya kupindapinda kati ya koni, kisha kona ndefu ya mwembe, na mwisho kona kali ya geti inayokurudisha kwenye mnyooko. Kona ya mizani ndiyo ngumu kuliko zote. Zege pale limelazwa kwa mteremko ili maji ya mvua yakimbilie mferejini, na mteremko huo unaelekea nje ya kona. Unapolaza pikipiki kuingia ndani, ardhi yenyewe inakusogeza nje. Nimeipenda kona ile kwa sababu barabara zetu zina kona za namna hiyo, na hakuna bango linalokuonya.

Kwa wasiojua: nchi kama Uingereza, Japani na Italia jambo hili ni la kawaida. Mtu analipa, anaingia na pikipiki yake kwenye uwanja wa mbio kwa zamu za dakika kumi na tano au ishirini, wanagawanywa kwa uzoefu, na hakuna mashindano. Hakuna mshindi, hakuna kikombe. Bendera nyekundu ikipepea wote wanapunguza na kutoka, ya njano ni tahadhari, ya mirabaraba ni mwisho wa zamu. Na si pikipiki kubwa tu. Honda walipoileta ile ndogo yao ya cc 125 mwaka 2013, inayoitwa Grom kwa baadhi ya nchi na MSX125 kwa nyingine, watu waliibeba mpaka kwenye viwanja vidogo vya gokati (vigari vidogo vya mbio), maana humo pikipiki kubwa haina pa kunyooshea miguu.

Nayasema haya kwa ajili ya vijana wanaoniambia cc 125 ni ya kubebea ndoo za maji. Mashindano ya dunia ya pikipiki yalipoanza mwaka 1949, daraja la cc 125 lilikuwamo, na liliendelea hadi 2011. Mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na daraja la Moto3 lenye injini za cc 250 za mipigo minne. Ángel Nieto wa Hispania alichukua ubingwa wa dunia mara 13, na zote zilikuwa kwenye cc 50 na cc 125. Valentino Rossi alipata ubingwa wake wa kwanza 1997 kwenye cc 125. Marc Márquez naye, 2010, daraja lile lile. Hao walijifunza kona wakiwa na injini isiyo na nguvu ya kuwaokoa. Kweli, zile zilikuwa injini za mbio za mipigo miwili, si kama zetu za sokoni, lakini somo la kona ni moja.

Nirudi kwenye ua wetu. Asubuhi unakaguliwa kwanza. Mkaguzi ni mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli, ambaye mikono yake bado ina ule utulivu wa mtu aliyezoea kukaza nati ambazo maisha ya watu yanazitegemea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu hakuongea tena mpaka alipomaliza kuizunguka pikipiki yangu. Aligonga spoki moja moja kwa spana akisikiliza mlio. Akanyanyua gurudumu la mbele na kulitikisa kutafuta mchezo kwenye usukani. Akapima ulegevu wa cheni katikati ya sproketi mbili, akataka uwe kati ya sentimita mbili na tatu. Akaniambia nivue vioo vya pembeni na kubandika solotepu kwenye taa na indiketa, ili ukianguka vipande visisambae njiani kwa wenzako. Keria iachwe tupu. Stendi kubwa aliifunga kwa waya juu kabisa, na sababu yake niliielewa baadaye kwenye kona ya mwembe, nilipoisikia stendi ya mwenzangu ambaye hakuifunga ikikwangua zege mpaka cheche zinatoka. Stendi ikigusa chini ukiwa umelala, inaweza kuinyanyua tairi ya nyuma, na hapo huna la kufanya.

Upepo ulikuwa mjadala. Madereva bodaboda wanajaza tairi mpaka inakuwa ngumu kwa sababu ya mizigo na mishkaki (abiria zaidi ya mmoja). Mzee alishusha: mbele psi 25, nyuma psi 28, kwa kuwa hakuna abiria. Tairi zenyewe ni hizi tulizozizoea, 2.75 kwa 18 mbele na 3.00 kwa 18 nyuma, nyembamba, na sehemu inayogusa ardhi ni ndogo kuliko kiganja. Ukiijaza kupita kiasi hata hicho kidogo unakipunguza. Kijana mmoja alilalamika kwamba pikipiki imekuwa nzito. Baada ya zamu ya kwanza hakulalamika tena.

Jambo lililonigusa kuliko yote kwenye ukaguzi ni breki za mbele. Kuna madereva waliofika wakiwa wameikata waya ya breki ya mbele kwa makusudi. Walishasikia kwamba breki ya mbele inapindua, wakaona heri wasiwe nayo. Mzee hakuwafukuza wala kuwafokea. Fundi alikuwa na waya mpya kwenye boksi, analipia mwenyewe dereva, inafungwa pale pale, na hakuna kuingia uwanjani bila hiyo. Kama siku ile isingekuwa na faida nyingine, zile waya zilizorudishwa kwenye usukani zingetosha kuihalalisha.

Zoezi la breki lilifuata, na hapa nataka nikae kidogo. Unakuja kwa kilomita 40 kwa saa, unafika kwenye koni, unafunga. Kwanza breki ya nyuma peke yake. Halafu ya mbele peke yake. Halafu zote mbili. Kwa ya nyuma peke yake gurudumu linajifunga, linaburuza, mkia unayumba, na unasimama mbali sana na pale ulipotaka. Kwa zote mbili nilisimama kabla ya nusu ya umbali ule. Kinachotokea ni kwamba ukifunga breki uzito wako na wa pikipiki unasogea mbele. Tairi ya mbele inakandamizwa, inashika zaidi. Ya nyuma inakuwa nyepesi, haina cha kushikia. Kwa hiyo kazi kubwa ya kusimama ni ya mbele, upende usipende. Kinachoangusha watu ni kuinyakua ghafla kabla uzito haujafika mbele. Mzee alinishika vidole akanionyesha: ibane kama anayekamua sega la asali, taratibu mwanzo, kisha nguvu inaongezeka bila kuachia. Nadhani alichagua mfano ule kwa sababu alishaambiwa kazi yangu, na tangu hapo vidole vyangu havijausahau.

Akaongeza hesabu ambayo ningependa ipakwe kwenye ukuta wa kila kijiwe. Ukitoka kilomita 40 kwenda 80 mwendo umezidi mara mbili, lakini nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza imezidi mara nne. Na kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, kila sekunde unayotumia kushangaa unakuwa umesafiri karibu mita 14. Wale madereva walinyamaza. Mmoja alitembea kwa hatua, akahesabu mita 14 kwenye zege, akasimama mwisho wake akitazama alikotoka.

Zamu ya kwanza ya kuzunguka inafanywa bila breki kabisa, taratibu, gia ya pili na ya tatu. Nilidhani ni ya kupasha injini moto. Sivyo. Ukinyimwa breki unalazimika kutazama mbali, kuachia mafuta mapema, kuchagua mwendo kabla ya kona na si ndani yake. "Mwanangu, jicho lako liko wapi?" mzee aliniuliza niliposimama. Nilikuwa nikitazama koni zilizo mbele ya gurudumu. Akanituma niende nikitazama mwembe, mwembe tu, tangu ninapoiacha mizani. Pikipiki ikaenda kwenye mwembe. Kisha akataka nitazame geti kabla sijaufikia mwembe, na mikono ikafuata bila kuambiwa.

Kulaza pikipiki nako kuna siri ambayo wengi tunaifanya bila kuijua. Ukiwa kwenye mwendo, kwenda kulia unausukuma mbele mkono wa kulia wa usukani. Inasikika kinyume, lakini jaribu mahali salama kwa kilomita 30 na kuendelea: sukuma kidogo kulia, pikipiki inalala kulia. Ukitaka kukwepa shimo au mbuzi, msukumo huo ndio unaokupeleka pembeni upesi. Kuinamisha mwili peke yake kunachelewa. Tulilifanya zoezi hilo kwenye mnyooko, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mabega yakauma.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo roho ya siku nzima. Injini ya cc 125 haisamehe mwendo uliopotezwa. Ukiingia kona ya geti umefunga breki kupita kiasi, unatoka ukiwa na mwendo mdogo, na mnyooko wote kati ya maghala unautumia kuurudisha. Unasikia injini ikilia, unapanda gia, na bado yule aliyeingia kona vizuri anakuacha. Alikuwepo kijana mwenye pikipiki ya cc 250 ya porini, nzuri, yenye shokapu ndefu. Kwenye mnyooko alitupita wote. Kwenye kona alikuwa anasimama karibu kabisa, kisha anavuta mafuta na kuondoka kwa kishindo. Kila mzunguko ulikuwa hivyo, na injini yake ilikuwa inamlipia deni ambalo yeye halioni. Ilipofika mchana mzee akamshauri abadilishane na fundi, apande cc 125 kwa zamu moja. Aliporudi alikuwa jasho limemlowesha na anauliza maswali: aachie wapi mafuta, apangue gia (ashushe gia) lini, mbona wenzake wanampita nje ya kona. Hayo maswali yalikuwepo tangu asubuhi, ila kwenye cc 250 hakuwa na haja ya kuyauliza.

Nilichojifunza mimi ni mpangilio. Breki na kupangua gia vimalizike wakati pikipiki bado imesimama wima, au karibu wima. Klachi iachiwe taratibu, kwa sababu ukiiachia ghafla kwenye gia ndogo gurudumu la nyuma linaruka na kuburuza. Ukianza kulala, mafuta yashikiliwe kidogo, yasifungwe kabisa wala yasivutwe. Ukishaiona njia ya kutokea, vuta polepole huku unainuka. Kwenye kona ya mizani, kwa sababu ya ule mteremko, nilianza kuingia nikiwa nje zaidi na kuchelewa kukata, na ghafla kona ikawa fupi. Mchana nilikuwa napita pale kwenye gia ya tatu mahali ambapo asubuhi nilihitaji ya pili. Furaha niliyoipata kwa jambo hilo dogo ilikuwa kubwa, na sioni aibu kuisema.

Kuhusu chombo chenyewe. Pikipiki yangu ni ya Kichina, na injini yake imefuata muundo wa Honda CG125. Hiyo CG125 ilitoka mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inabeba familia na mzigo na oili inabadilishwa pale pesa inapopatikana. Honda waliachana na kemu (mhimili unaofungua vali) ya juu inayozungushwa na mnyororo, wakaweka fimbo za kusukuma vali, kitu kisichodai marekebisho mengi. Silinda moja, upana milimita 56.5, mwendo wa pistoni milimita 49.5, nguvu za farasi 11 hivi. Viwanda vya China viliiga muundo huo, na ndiyo maana fundi yeyote wa Isevya au Ng'ambo anaweza kuifungua injini hii akiongea na simu.

Uwanjani injini hiyo ina tabia njema na mipaka iliyo wazi. Inavuta vizuri katikati. Ukiipandisha sana kelele inaongezeka, vikanyagio vinatetemeka, na mwendo haubadiliki. Panda gia kabla ya hapo. Tabora nayo ina lake: tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani, kwa hiyo na nguvu inapungua kwa kiasi hicho. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Fundi alitoa plagi yangu, ikawa nyeusi kwa masizi, akashusha sindano ya kabureta ngazi moja ili petroli ipungue. Jioni plagi ilikuwa ya kahawia na injini inaitika mara moja ukigusa mafuta. Huduma hiyo ilikuwa ndani ya kiingilio, na mimi peke yangu ningeilipia mahali pengine bila kunung'unika.

Breki za dramu, zile ambazo shuu hubana kutoka ndani ya kitovu cha gurudumu, ndizo zilizotufundisha subira. Ukizunguka mfululizo ukifunga kwa nguvu, dramu inapata joto, inatanuka, inaziacha breki shuu mbali, na shuu zenyewe zikichemka hazishiki. Mkono wa breki unaanza kuingia ndani zaidi kila kona. Wenye diski mbele hawakupata shida hiyo kwa haraka. Kuna waliotaka kukaza nati ya marekebisho pale pale, fundi akawazuia: ukikaza dramu ikiwa ya moto, ikipoa inajikaza yenyewe na gurudumu linakwama. Toka nje, ipoe, kunywa maji, kisha pima. Hilo ni la kukumbuka kwa yeyote anayeteremka vilima vya Kigoma na abiria.

Mapungufu sasa. La kwanza ni kivuli. Mwembe ni mmoja, watu ni wengi, na jua la Oktoba hapa Tabora si la kuvumilia ukiwa umevaa jaketi nzito. Waandaaji wanapaswa kufunga maturubai. La pili ni kofia ngumu za kukodi, elfu tano kila moja. Nyingine zilikuwa zimelegea, kufuli za kidevuni hazikazi, na ndani zina harufu. Kofia inayozunguka kichwani haikukingi na kitu, na kwa wanawake wenye nywele za kusuka ndiyo kabisa. Njoo na yako. La tatu, zamu zilichelewa mchana kwa sababu kundi la wanaoanza lilikuwa kubwa kupita mengine. Kundi likizidi, ligawanywe. Vyoo vilikuwepo na vilikuwa safi, kwa hilo nawashukuru. Muuguzi alikuwepo na boksi lake la huduma ya kwanza, na gari aina ya Noah lilikuwa limeegeshwa getini, uso ukitazama barabara, funguo ikiwa kwa dereva muda wote. Halikuhitajika zaidi ya kumpeleka kijana mmoja aliyechubuka kiwiko, naye aliomba arudishwe amalizie zamu.

Chakula ni wali, maharage na matembele, kimo ndani ya kiingilio. Kitamu, na kilitosha.

Petroli njoo nayo ya kutosha, hapo hakuna kituo. Vaa buti zinazofunika kifundo, suruali nzito ya jinzi, glavu hata za kazi. Fika mapema kabla ya ukaguzi kujaa, na kagua waya zako za breki na klachi nyumbani, maana fundi akizishughulikia za watu wote, asubuhi inakwisha. Mabishano ya kushindana na kuweka dau yanakatazwa na ukibainika unatolewa. Nimeona mtu akitolewa, na nililipongeza hilo mbele yao.

Kubwa ninalolidai ni mchanga. Siku nzima tulikuwa kwenye zege, na zege lilitufundisha vizuri, lakini mtu wa wilaya zetu za Uyui, Sikonge au Kaliua anaishi kwenye mchanga. Huko mambo mengine yanageuka. Jicho bado linatazama mbali, hilo halibadiliki, na mafuta yashikiliwe vile vile bila kusitasita. Lakini breki ya mbele ukiibana kwa nguvu ile ya kwenye zege, gurudumu linajichimbia na usukani unakutoka mikononi. Uzito unaupeleka nyuma, unasimama kidogo kwenye vikanyagio, unauacha usukani ucheze, na mwendo unaupunguza kwa injini na breki ya nyuma. Dereva aliyetoka uwanjani akiamini breki ya mbele tu, kesho yake akaingia kwenye mchanga wa njia ya shamba, tumemfundisha nusu. Nilimwambia mzee hivyo hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipeleka nyuma ya ghala la pili, mahali ambapo ardhi ni tifutifu na hakuna zege, akapima kwa macho, akauliza kama nadhani mita sitini zingetosha kwa kuanzia. Nilimwambia zinatosha, ila magunia ya pumba yawekwe upande wa ukuta.